Mwacha Mila ni Mtumwa: Na Mtumwa Aliyeshika Mila Je?

Ndugu mwalimu, bila shaka umewahi kusahihisha rundo la insha za methali "Mwacha mila ni mtumwa". Nami nimezisahihisha kwa miaka mingi katika shule moja iliyopakana na viwanda vya Industrial Area hapa Nairobi, ambako king'ora cha zamu ya mchana hutukata kauli katikati ya kipindi. Kisa huwa kilekile kila mwaka. Msichana anatoka kijijini, anafika mjini, anavaa nguo za kubana, anasahau lugha ya mamake, balaa linamkumba, anarudi nyumbani akilia. Mtahiniwa anafunga kwa kusema kuwa wahenga hawakukosea. Tunampa kumi na moja kwa ishirini, tunachukua karatasi nyingine.

Mwaka mmoja mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, mkaazi wa mtaa wa Mbotela, hakuandika kisa. Aliandika swali. Ikiwa mwacha mila ni mtumwa, alisema, basi mtumwa ambaye hakuacha mila tumwite nani? Baada ya swali hilo akajikokota kurasa mbili akitafuta jibu, asilipate. Kalamu nyekundu ilikuwa tayari mkononi mwangu ili nimwadhibu kwa kukiuka kaida za insha ya methali, lakini mkono ukasita. Makala haya ni jibu ambalo nilipaswa kumpa wiki ile na sikuwa nalo.

Tuanze na methali yenyewe, kwa maana tumezoea kuwafundisha wanafunzi wetu maana ya juu na maana ya ndani bila kuuliza swali la tatu: nani anasema? Katika ushairi tunamtafuta nafsineni. Katika methali tunaridhika na "wahenga", kana kwamba wahenga wote walikaa jamvi moja na kula sinia moja. Isikilize methali hii tena. Mtumwa ametumiwa hapa kama sitiari ya mtu aliyepoteza utu wake. Methali inachukulia kwamba mtumwa hana mila, kwamba hilo linajulikana na halihitaji hoja. Hiyo si sauti ya mtumwa. Ni sauti ya mtu aliyeketi barazani akimtazama mwingine akipita na mzigo kichwani.

Sasa tazama msamiati wa jamii ya pwani katika karne ya 19, wakati biashara ya utumwa ilipokuwa imeshamiri. Mtumwa aliyetoka bara karibuni, asiyejua Kiswahili wala desturi za mji, aliitwa mjinga. Yule aliyezaliwa pwani, akalelewa katika nyumba ya bwana wake, akaijua lugha na dini, aliitwa mzalia, naye alikuwa na cheo kidogo zaidi. Aliyekuwa huru kwa kuzaliwa aliitwa mwungwana. (Nasema hivi kwa uchungu kidogo, maana neno "mjinga" halikauki katika vinywa vya baadhi yetu tunapoingia madarasani. Tukumbuke lilivyowahi kutumika.) Angalia basi kinyume kilichopo. Aliyekuwa na mila nyingi za kwao, aliyekuwa bado anaota kwa Kiyao au Kinyasa au Kimakua, ndiye aliyekuwa chini kabisa. Alipanda ngazi kwa kadiri alivyoziacha. Utumwa wenyewe, ule wa kweli, haukumngoja mtu aache mila ndipo awe mtumwa. Ulimfanya mtumwa kwanza, kisha ukamtaka aache mila ili apate nafuu. Kwa hiyo mtahiniwa anapoandika "mila", mwulize: mila za nani?

Jina la mtaa

Nilirudi darasani na karatasi ya kijana yule, nikauliza ni nani anayejua jina Mbotela lilikotoka. Wanafunzi kumi na wawili walikuwa wakiishi katika mtaa huo, karibu na Makongeni, kando ya Barabara ya Jogoo. Mmoja akasema ni mtangazaji wa mpira. Wengine wakakubali. Hawakuwa mbali sana na ukweli, ila walikuwa wameshika mkia wakadhani ni kichwa.

Mtaa ule umepewa jina la Tom Mbotela, aliyekuwa diwani wa Nairobi na makamu wa rais wa chama cha KAU, aliyeuawa mwezi wa Novemba 1952, wiki chache tu baada ya hali ya hatari kutangazwa. Ni vivyo hivyo mitaa ya Ofafa inavyobeba jina la Ambrose Ofafa, diwani mwingine aliyeuawa wakati wa vita hivyo. Lakini jina Mbotela halikuzaliwa Nairobi. Ukilifuata nyuma linakupeleka Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, na kutoka hapo linakupeleka kusini hadi nchi ya Wayao, upande wa Ziwa Nyasa.

Frere Town ilianzishwa na misheni ya CMS mwaka 1875, miaka miwili baada ya Sultani Barghash wa Unguja kutia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Ilipewa jina la Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyekuja kuudai mkataba huo. Watu walioteremshwa pale walikuwa wameopolewa kutoka katika majahazi yaliyokamatwa baharini na manowari za Kiingereza. Walitanguliwa na kuongozwa na Waafrika wengine waliokuwa wamekombolewa zamani na kusomeshwa Nasik, India, kina William Jones na George David. Kengele iliyopigwa kuwaonya wakaazi dhidi ya hatari ndiyo iliyoiachia sehemu ile jina la Kengeleni, na kila mtu aliyepanda matatu ya Kisauni amewahi kulisikia likiitwa na utingo.

Katika mahali hapo ndipo alipokulia James Juma Mbotela, mwana wa mtu aliyetekwa, akasoma, na akaandika kitabu Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa London na Sheldon Press mwaka 1934. Kabla hatujafungua kitabu, tusome jina la mwandishi kama tunavyosoma beti. James ni jina la kanisa. Juma ni jina la pwani, jina la siku, ambalo mtu yeyote wa Mombasa angelitambua. Mbotela ni jina la babake, jina lililovuka bahari. Hakuna mti ulioota katika udongo mmoja ambao ungezaa majina matatu namna hiyo. Tukumbuke kwamba watumwa wengi walipewa majina mapya na mabwana wao: Mabruki, Feruzi, Almasi, Faraji. Ni majina mazuri masikioni, ya baraka na vito, lakini ni majina ya kumilikiwa, na mengi yaliyafunika yale ya nyumbani yasionekane tena. Kwamba Mbotela lilibaki, likapita kutoka kwa mateka hadi kwa mwalimu hadi kwa diwani, likaishia kwenye kibao cha mtaa wa wafanyakazi mkabala na viwanda, ni simulizi fupi kuliko zote na imefanya kazi ambayo simulizi ndefu zimeshindwa.

Katika silabasi yetu tunafundisha majina ya kupanga na lakabu, tunatoa sifa nne na umuhimu wa tano, kisha tunafuta ubao. Hapa tuna mfano ambao mwanafunzi anaupitia kila asubuhi akienda shule.

Kitabu cha mwana

Uhuru wa Watumwa hakisomwi sana siku hizi, na wanaokitaja hukitaja kwa kukidharau. Wanasema ni kitabu cha misheni: Mwarabu ni dhalimu, Mwingereza ni mkombozi, mtumwa ni mtu wa kushukuru. Shutuma hiyo ina ukweli, na mwalimu asiifiche. Kitabu kinasimulia jinsi watu walivyotekwa makwao, safari ya miguu hadi pwani, jahazi, manowari iliyolifukuza, na maisha mapya Frere Town. Mpangilio huo wa matukio tayari ni hukumu. Mstari unapanda kutoka gizani kwenda nuruni, na aliyeshika taa ni Mzungu. Mtu akikisoma bila kitu kingine pembeni atadhani uhuru uliletwa kwa meli tu.

Lakini pembeni kuna mengi. Kuna watoro, watu waliokimbia mashamba ya pwani wakajijengea vijiji vyao wenyewe bara, kama Fuladoyo, wakailinda ardhi yao kwa silaha. Kuna Rabai, ambako mtoro alipokelewa au hakupokelewa kutegemea siku na mmisionari. Kufikia mwisho wa mwaka 1888 watoro waliojificha katika misheni walikuwa wengi kiasi kwamba George Mackenzie wa kampuni ya Kiingereza ya IBEA alilazimika kuwalipa fidia mabwana wao, na zaidi ya watu 1,400 wakapewa hati za uhuru. Watu hao walijikomboa kwa miguu yao. Hati ilikuja baadaye. Uzito wa kitabu cha Mbotela hauko kwao, na hilo ni pengo ambalo mhakiki ana haki ya kulionyesha.

Hata hivyo, naomba tusimame hapo kwanza. Mtindo wa kuhakiki kwa kutafuta itikadi ya mwandishi na kumtia pingu umetuzoeza vibaya. Tukimaliza kusema kwamba Mbotela aliwasifu Waingereza tunadhani tumemaliza kazi. Mimi naona kazi inaanzia hapo, kwa swali la fani: msimulizi anajuaje?

Mbotela hakutekwa. Hakuvuka nyika amefungwa, wala hakulazwa chini ya sitaha. Alizaliwa na kulelewa katika usalama wa misheni. Kila alichosimulia juu ya nchi ile ya kusini na juu ya njia ile, alisimuliwa. Nyuma ya msimulizi wa kitabu kuna msimulizi mwingine, mzee, anayezungumza jioni, na nyuma ya mzee huyo kuna wengine waliokufa. Hii ndiyo tunayoiita mapokezano, na tunapowaambia wanafunzi kuwa fasihi simulizi "hupokezwa kutoka kizazi kimoja hadi kingine kwa njia ya mdomo" ni sentensi ya kukariri tu. Hapa tunaona inavyofanyika na bei yake. Mzee alikuwa na lugha ya kwao. Mwana aliandika kwa Kiswahili. Kilichopita ni habari, majina, njia, hofu, sura ya kijiji kabla ya kuvamiwa. Kisichopita ni lugha ambayo mambo hayo yalikuwa yakisemwa.

Na kwa nini Kiswahili? Wengine watajibu kwamba mchapishaji alitaka hivyo. Naliona jibu hilo ni dogo. Frere Town haikuwa kijiji cha Wayao. Ilikuwa kijiji cha watu wa makabila mengi waliokusanywa na bahati ya jahazi lipi lilikamatwa siku gani, wengi wao wakiwa watoto waliotenganishwa na wazazi. Lugha moja tu iliwezekana baina yao, na ilikuwa lugha ya pwani ileile iliyowaita wajinga. Waliichukua, wakaifanya yao, wakaitumia kueleza walivyotendwa. Mtu asome habari za maisha ya Tippu Tip, alizozieleza mwenyewe kwa Kiswahili mwanzoni mwa karne ya 20, aone katika nathari hiyo misafara, pembe za ndovu na mateka vikihesabiwa pamoja. Kisha asome Uhuru wa Watumwa. Lugha ni ileile, na karibu nchi ni zilezile. Ilichukua miaka thelathini hivi kwa upande wa pili kuipata kalamu. Hapo ndipo thamani ya kitabu hiki ilipo, na haifutwi na sifa zote walizopewa Waingereza ndani yake.

Waliotunza lugha

Hata hivyo, kijana wa Mbotela angeniuliza: je, hakuna waliohifadhi yote, pamoja na lugha? Wapo, na hawako mbali.

Katika miaka ya 1830 na 1840 Wazigua wengi kutoka nyuma ya pwani ya Tanga na Bagamoyo, wakisukumwa na njaa, walijikuta katika majahazi yaliyowapeleka pwani ya Benadiri nchini Somalia, wakawa watumwa katika mashamba ya Mto Shebelle. Simulizi zao zinasema walitoroka wakiongozwa na mwanamke mtabiri, Wanakhucha, wakafuata njia ya kurudi kwao kusini. Hawakufika. Walisimama katika msitu wa Mto Juba, mahali palipoitwa Gosha, wakalima, wakapigana na waliowafuata, wakabaki huru. Vizazi vikapita. Vita vya Somalia vilipozuka mwaka 1991 wajukuu wao walikimbilia Kenya, wakaishi Dadaab na baadaye Kakuma, na wengine wakahamia Marekani kuanzia miaka ya 2003 na 2004. Kundi jingine lilifika Tanzania, likapewa makao Chogo, wilaya ya Handeni, katika nchi ileile ya mababu. Na walipozungumza, Wazigua wa Handeni waliwaelewa. Zaidi ya miaka 150 ilikuwa imepita.

Mwanafunzi akiuliza mighani ni nini, mpe Wanakhucha badala ya kumrudisha kwa Fumo Liyongo kila mara, ingawa Liyongo simnyimi heshima yake. Ana sifa zote za jagina: uwezo usio wa kawaida, safari, adui, ahadi ya nchi. Ana na sifa moja ambayo majagina wetu wa vitabuni mara nyingi wanaikosa, kwamba ni mwanamke na hafi kwa kusalitiwa.

Lakini mhakiki asitosheke na kushangaa. Huko Gosha waliishi pia watu wa asili ya Kiyao, Kimakua, Kinyasa na Kingindo, nao walikuwa na mila, nao walikuwa na mapenzi ya kwao. Mbona wengi wao walichukua lugha za Kisomali na Wazigua wakabaki na Kizigua? Si kwa sababu Wazigua walikuwa na mioyo migumu zaidi. Wazigua walichukuliwa pamoja, familia na jirani, katika kipindi kimoja, na walitoroka pamoja mapema. Wengine walifika mmoja mmoja, mwaka huu na ule, wengine wakiwa watoto. Mtoto wa miaka saba aliye peke yake hawezi kuhifadhi lugha, kwa maana hana wa kumjibu. Ukilielewa hilo la Gosha umeilewa Frere Town. Na umepata pia kosa kubwa la methali yetu: inamlaumu mtu mmoja kwa kuacha kitu ambacho mtu mmoja hawezi kukibeba.

Si kila kilichorithiwa kilikuwa cha kujivunia, nalo hili walimu tunalikwepa. Katika riwaya ya Shafi Adam Shafi, Kasri ya Mwinyi Fuad, iliyotoka mwaka 1978, mtumishi mzee wa kasri anaitwa Kijakazi. Utumwa ulikuwa umefutwa kisheria Unguja tangu 1897, lakini mwandishi amemwachia mhusika huyu jina linalomaanisha mtumwa mdogo wa kike. Utiifu wake kwa bwana ni wa kurithi kama jina lake. Watahiniwa wengi humwita "mhusika bapa" na kuondoka. Naona wamemwonea. Kijakazi ni urithi pia: ni kile ambacho utumwa uliwaachia watu wake, kando ya ngoma na ngano. Anayetaka kuandika juu ya kuhifadhi urithi bila kumtaja mtu wa aina hii anaandika hotuba ya sherehe.

Kinyume chake yuko Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, Unguja, katika ukoo wenye asili ya utumwa, aliyeanza kwa kuuza vyungu akainuka hadi kurekodi santuri Bombay mwaka 1928. Taarab kabla yake iliimbwa kwa Kiarabu katika majumba ya wakubwa. Shaaban Robert aliandika wasifu wake, na hakuna haja ya mimi kuurudia hapa.

Nirudi kwa mtangazaji. Marehemu Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki Februari 2025, alizaliwa Frere Town mwaka 1940, katika ukoo huo wa Mbotela. Tangu mwaka 1966 aliendesha redioni kipindi kilichoitwa "Je, Huu ni Uungwana?" Sisi tuliokua tukikisikiliza tulikijua kama kipindi cha adabu: anayeruka foleni, anayetafuna akiwa ameachama, anayeazima kitu asirudishe. Ilinichukua miaka mingi kusikia swali lenyewe. Kumbuka tulivyosema kuhusu neno mwungwana. Pwani ya zamani uungwana ulikuwa wa kuzaliwa. Ulikuwa nao au hukuwa nao, na mtumwa hakuwa nao kwa tafsiri ya neno. Na hapa mjukuu wa mateka anashika kipaza sauti cha taifa na kuiuliza nchi nzima, wakubwa kwa wadogo, kama matendo yao ni uungwana. Sijui kama alikusudia kejeli hiyo, na uhakiki hauhitaji kukisia. Kejeli imo katika neno. Wengi husema "mwungwana ni kitendo" bila kuona kwamba methali hiyo inaivunja nguvu ile ya mwanzo. Moja inasema utu ni kile ulichopokea, nyingine inasema ni kile unachotenda. Mtahiniwa anayeweza kuzigonganisha methali hizi mbili katika insha moja hahitaji msichana wa suruali ya kubana.

Langoni

Sasa toka nje ya lango la shule. Kila asubuhi kabla ya saa moja, kando ya Barabara ya Lunga Lunga na ile ya Likoni, utawaona wanaume kwa wanawake kutoka Mukuru na Viwandani wamejipanga mbele ya milango ya viwanda wakingoja kuchaguliwa. (Majina ya barabara zenyewe ni ya pwani, lakini hilo ni la siku nyingine.) Tunawaita vibarua. Waulize wanafunzi neno hili limetoka wapi. Ni barua ndogo. Unguja ya karne ya 19, bwana aliyekuwa na mtumwa asiyekuwa na kazi ya kumpa alimkodisha kwa siku. Mtumwa alipewa kikaratasi kuthibitisha kazi ya siku ile, na sehemu ya ujira wake ilikwenda kwa bwana. Kikaratasi kikawa jina la kazi, kisha kikawa jina la mtu. Utumwa ulikufa, neno likabaki, likapanda treni hadi Nairobi na kupata ajira Industrial Area.

Nilipowaeleza hivyo, msichana mmoja alisema babake ni kibarua katika kiwanda cha mabati na hataki kumwambia. Sikuwa na la kumjibu. Pengine hana haja ya kumwambia. Lakini yeye sasa ana neno ambalo hapo awali alikuwa nalo bila kulijua, na hiyo ndiyo sehemu ya urithi inayotuhusu sisi walimu wa lugha kuliko ngoma za maonyesho ya tamasha.

Mwalimu, ukiifikia mada ya nyimba za kazi, hodiya na wawe, usiishie kwenye fasili. Mashamba ya mtama na ufuta ya Malindi, yaliyofufuliwa na Sultani Majid kuanzia mwaka 1861, yalilimwa na watumwa. Mwulize mtahiniwa: katika wimbo wa kazi nani anaimba, na nani anakula mazao? Umuhimu wa wimbo ni "kuhimiza kazi", tunavyoandika katika mwongozo, ikiwa kazi ni yako. Ikiwa si yako, wimbo una kazi nyingine. Unaweza kutunza lugha ya kwenu ndani ya sauti ambayo msimamizi haielewi. Unaweza kumsema msimamizi. Unaweza kuhesabu siku. Watume vijana wakasikilize wajenzi wa ghorofa pale Donholm wanapopandisha zege, walete maneno, wayagawe: yapi ya Kiswahili, yapi ya Kikamba, yapi ya Kiluhya, yapi hawayajui wenyewe waimbaji. Hayo ya mwisho ndiyo ya kuchunguza.

Kuhusu mtihani nitasema kidogo tu. Swali la methali katika karatasi ya insha linamtaka mtahiniwa aonyeshe pande zote za methali kwa kisa. Haliruhusu makala ya kinadharia. Kwa hivyo asiyaandike haya yote kama nilivyoyaandika mimi. Atunge kisa. Mzee Frere Town anamfundisha mjukuu jina la mto ambao mjukuu hatauona kamwe. Au kijana wa Kizigua Kakuma anatafsiri kwa ajili ya bibi yake mbele ya afisa, na afisa anauliza neno hilo ni la lugha gani. Kisa hicho kitabeba hoja yote. Katika karatasi ya fasihi ana uhuru zaidi, hasa swali linapogusa mapokezano au umuhimu wa mighani.

Kijana wa Mbotela nilimpa kumi na saba. Tatu zilizobaki nilimkata kwa sababu za haki: aliandika "mtumwa" mara nne na "mtumishi" mara tano kana kwamba ni kitu kimoja, na hakufunga insha yake. Alikuja ofisini kulalamikia hilo la pili. Alisema hakuifunga kwa sababu alikuwa hajapata jibu.

Nikamrudishia alama moja.